Meza ya Watu Wanane

Usiku wa kwanza, Bergen ingali nyuma yetu
na taa zake za mlimani,
Bi Rosalind Thwaite aliuliza kabla ya supu:
"Na wewe, mpenzi, uko sitaha ya ngapi?"

Jina hakuuliza. Jina lingekuja baadaye,
pamoja na jibini.

Yeye ya tisa, yenye roshani.
Bwana Kranz wa Bremen na mkewe, ya tisa.
Dada wawili wa Utrecht, ya nane, lakini mbele kabisa,
na hilo "mbele kabisa" walilitamka kwa pamoja,
kama watoto waliofumaniwa na sukari.

Swali likazunguka, likamfikia Gethin Pugh,
dereva wa basi mstaafu, mtu wa Swansea,
tai yake fupi, ncha imeishia kifuani.
"Ya pili," akasema. "Chini kule. Dirisha hakuna.
Morfydd kabandika kalenda ukutani, ina picha ya bahari."
Akacheka. Morfydd akacheka.
Vijiko vikarudi kwenye supu.

Kisha mimi.
Karani wa shule, miaka thelathini na mmoja, Dundee.
Mjane. Gauni la kuazima.
"Ya tisa," nikasema,
na uongo ukateremka laini kuliko ile supu.

Gethin alinitazama.
Alasiri hiyohiyo alikuwa amenibebea sanduku
hadi mlango unaopakana na wao, sitaha ya pili,
akanionyesha jinsi ya kuusukuma kwa bega.
Alinitazama, akachukua siagi,
akanisogezea.

Tangu hapo nikawa mtu.
Nilisimuliwa siku mia sita za baharini,
kadi ya dhahabu, nahodha gani anajua kucheza waltz,
na wale wa bafe huko juu,
wanaopakua kana kwamba njaa imetangazwa redioni.
Akina Pugh walisemeshwa kama mvua inavyosemeshwa dirishani,
bila kungojewa jibu.

Usiku wa tatu, Gethin alikula njegere kwa kijiko.
Bwana Kranz akapandisha nyusi.
Rosalind akauma mdomo.
Mimi nilicheka.
Hakuna aliyenilazimisha. Nilicheka na meno yote nje.

Usiku wa nne viti viwili vilikuwa vitupu.
"Wana raha zaidi kule bafe," Rosalind alisema,
kwa sauti tunayowatumia marehemu.

Rodelio, mhudumu wetu, kijana wa Iloilo,
ndiye aliyeleta hati ya mvinyo nitie saini.
Juu yake huchapwa nambari ya chumba.
Kila usiku aliishikilia karatasi ile
kidole gumba kikiwa palepale penye nambari,
akitazama pembeni, kwenye chumvi.
Sikumwagiza. Sikumshukuru.

Na ukuta wa kule chini ni mwembamba.
Usiku nilimsikia Gethin akimsomea mkewe ratiba ya kesho
kwa sauti yake ya kazini:
"Kituo kinachofuata, Tromsø! Shikilieni vyuma!"
na Morfydd akicheka mpaka anakohoa.
Mimi nimelala, macho darini,
nimebana shuka kwa meno.

Usiku wa mwisho Rosalind alinipa anwani yake.
"Kesho tushuke pamoja," akasema,
"sisi wa juu hutolewa kwanza, utepe wa buluu."
Wangu ulikuwa wa kahawia, ndani ya pochi,
umekunjwa mara nne.

Asubuhi nilijifungia chumbani.
Buluu wakaitwa. Kijani wakaitwa.
Nilikaa juu ya sanduku, koti mwilini,
nikihesabu ngazi anazoshuka,
mkoba wake, kofia yake, teksi yake.

Upande wa pili zipu ilifungwa.
"Kituo cha mwisho," akasema Gethin, "abiria wote washuke."
Kimya kidogo.
Kisha akagonga ukuta, mara mbili, polepole:
"Na wewe, jirani."